Futingi katika baridi ya mwezi wa saba: namna ya kupumua bila kifua kuwaka

Ilikuwa Kolwezi, mwaka jana, mwezi wa saba, saa kumi na moja na nusu ya asubui. Jua lilikuwa halijatoka. Kwenye kona ya barabara, mama wa vitumbua alikuwa amekwisha kuwasha mbabula yake. Kikundi cha vijana wa futingi kilipita, wanaimba, pumuzi yao inatoka nyeupe kama moshi. Nyuma yao kijana mumoja alisimama, akaweka mikono juu ya magoti, akakohoa mupaka machozi yakatoka. Mama wa vitumbua alimuangalia, akatikisa kichwa: «Baridi imemuingia mu kifua huyu. Arudie kulala.»

Sisi tulikuwa pale ili kuzungumuza na wafanyakazi wenye kungojea bisi ya timu ya asubui. Na ile neno tumeisikia mara mingi. Huku kwetu, Lubumbashi, Likasi, Kipushi ao Kolwezi, kila kifua chenye kuuma katika mwezi wa sita na wa saba kinapewa jina moja tu: baridi. Mutoto anakohoa kisha mbio, ni baridi. Papa anatoka kazini, anakohoa usiku wote, ni baridi vilevile.

Yule kijana tulizungumuza naye, na kisha na papa yake, ambaye alikuwa pale kungojea bisi. Papa naye alikuwa anakohoa. Tutarudilia hadisi yao pale chini, kwa sababu njo hiyo ilitusukuma kuandika habari hii. Sasa baridi imerudia, vikundi vya futingi viko tena barabarani. Wacha tuseme kwanza namna ya kukimbia na kupumua vizuri. Kisha tuseme ni kikohozi gani ambacho baridi inasingiziwa bure.

Kwa nini asubui zetu ni kali

Mugeni wa kutoka Kinshasa anashangaaka sana akifika huku mwezi wa saba na shati ya mikono mifupi. Lubumbashi iko karibu mita 1 200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1 400. Katika kiangazi mawingu hayako. Usiku, joto yote ya udongo inapanda mbinguni, hakuna kitu cha kuizuia. Asubui tunajikuta chini ya digri 10, na saa sita ya muchana tunavua makoti juu jua linachoma.

Lakini baridi haiko peke yake. Hewa ya ile miezi ni kavu, juu mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa ine ao mwanzo wa tano. Na iko na vumbi, vumbi nyekundu ya barabara za udongo na ile ya malori ya mawe. Baridi, ukavu, vumbi: mukimbiaji wa kwetu anakutana na hayo matatu kwa mara moja. Ni vizuri kuyatenganisha, juu kila moja iko na dawa yake.

Pua ni jiko ya mwili

Mungojee hewa kwenye mulango wa pua muone kazi yenye inafanyika pale. Ndani ya pua kuko vikunjo vyenye kujaa damu ya moto na ute. Hewa ikipita, inapashwa moto, inaloweshwa, na vumbi kubwa inanaswa. Njia ya koo na ya mapafu inamaliza kazi iliyobaki. Wakati hewa inafika ndani kabisa ya mapafu, imekwisha kuwa na digri 37 kama mwili wenyewe.

Kwa hiyo, woga ule wa kusema mapafu yanaweza kuganda, tuuache. Kule Norwe na Finlandi watu wanakimbia juu ya theluji, na mashindano makubwa ya ski yanaahirishwa kama baridi inashuka chini ya digri 20 chini ya zero. Digri 7 ao 8 za Kolwezi haziwezi kugandisha pafu ya mutu. Tena, homa ya mapafu inaletwa na vijidudu, hailetwe na upepo wa asubui.

Sasa, kama ni hivyo, kwa nini kifua kinawaka?

Ni juu ya wingi wa hewa. Mutu mwenye kukaa kwenye kiti anavuta litre 6 mupaka 8 za hewa kwa dakika. Mwenye kukimbia kwa kadiri anafika litre 50. Mwenye kukimbia kwa nguvu yake yote anaweza kupita litre 100. Karibu na litre 40, pua inashindwa kupitisha yote, na kinywa kinafunguka chenyewe. Kinywa hakina jiko kama ile ya pua. Hewa baridi na kavu inaingia moja kwa moja mu koo na katika mirija ya kifua, na mirija inalazimika kutoa maji na joto yake.

Tufanye hesabu kidogo. Mita moja ya kibiki ya hewa, maana litre 1 000, ikiwa na digri 8, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 8 hivi za maji. Ndani ya mapafu, ile hewa inabeba karibu gramu 44. Ile tofauti inatoka wapi? Inatoka kwetu. Sehemu ingine inarudi wakati tunapumua inje kwa pua. Ingine inakwenda kabisa, njo ule moshi mweupe tunaouona kinywani. Mwenye kukimbia dakika 40 anapitisha litre 2 000. Kwa mwili muzima ile maji ni kidogo, lakini inatolewa kwenye ngozi ya ndani ya mirija, yenye ni nyembamba sana. Ikikauka, inakasirika: inachoma, inakohoza, na kwa watu wengine mirija inajikaza.

Ina maana, kinachochoma ni zaidi ukavu kuliko baridi yenyewe. Mukishika hiyo, mashauri yote yenye kufuata yatakuwa wazi.

Dakika kumi za kwanza

Kosa kubwa tunaliona kila asubui. Kijana anatoka mu blanketi, anavaa viatu, anakutana na wenzake kwenye kona, na palepale mbio. Tena anaimba kwa nguvu, kinywa wazi. Yule wa Kolwezi alifanya vile. Alikuwa mudogo kuliko wote katika kikundi, na alitaka kushika mwendo wa wakubwa toka hatua ya kwanza.

Mufanye hivi. Mutembee dakika tano kwa mwendo wa mutu anayechelewa kazini. Kisha mukimbie polepole dakika tano mupaka kumi, kinywa kimefungwa, mukipumua kwa pua tu. Kama pua haitoshi na munahitaji kufungua kinywa, ni alama kwamba munakwenda mbio sana kwa wakati ule. Mupunguze. Pua njo itawaongoza kwenye hizi dakika za mwanzo. Kisha mwili umepata moto, muko huru kuongeza mwendo na kuvuta hewa kwa pua na kinywa pamoja. Hakuna sheria ya kusema kinywa ni zambi.

Kuvuta polepole hivyo kunasaidia hata watu wenye mirija ya kujikaza. Kwa wengi wao, mirija yenye imeamushwa kwa upole inatulia kwa saa moja ao mbili zenye kufuata. Ile yenye imeshitushwa, inafunga.

Mwendo muzuri unajulikana kwa maneno. Mukiweza kusema sentensi nzima na jirani bila kukata katikati, muko sawa. Mukibakia na neno moja moja, mumepita. Tena mujifunze kutoa hewa yote. Watu wengi wanafikiri shida yao ni kuvuta, kumbe ni kutoa: wanavuta, wanavuta, kifua kinajaa, mabega yanapanda mupaka masikioni. Mushushe mabega, mutoe hewa mupaka mwisho, na ingine itaingia yenyewe. Wengine wanahesabu kwa hatua: tatu za kuvuta, tatu za kutoa, kwenye mulima mbili kwa mbili. Ikiwasaidia, muifuate. Ikiwasumbua, muiache.

Kitambaa, na kazi yenye hakiwezi kufanya

Kitambaa chepesi cha pamba juu ya pua na kinywa ni dawa rahisi kuliko zote. Pumuzi yenye kutoka inaacha joto na maji yake ndani ya kitambaa, na pumuzi yenye kuingia inavichukua tena. Mufunge bila kukaza, na mukuwe na cha pili mu mufuko, juu cha kwanza kitalowana kisha nusu saa. Kisha dakika kumi na tano munaweza kukishusha kwenye shingo, mwili umekwisha kupata moto.

Hapa tunaomba wachimbaji watusikilize vizuri. Kitambaa kinasaidia baridi. Kinazuia pia vumbi kubwa yenye tunaona kwa macho. Lakini vumbi yenye kuharibu mapafu ya muchimbaji ni ndogo sana, haionekani hewani, na inapita mu nguo kama maji mu kitunga. Kwa hiyo tusichanganye: kitambaa cha futingi hakiwezi kuwa kinga ya kazi kwenye shimo ao kwenye mashini ya kuvunja mawe. Kule, inahitaji maski ya kweli yenye kushika vumbi ndogo, na maji juu ya mawe ili vumbi isipande.

Na tafazali, musikimbie na nguo za kazi. Tena musizikungute ndani ya nyumba ao kwenye uwanja penye watoto wanacheza. Muziloweshe kwanza, kisha mama ao mutu yeyote azifue.

Saa gani, barabara gani

Asubui ya baridi bila upepo, hewa ya chini inalala kama maji ndani ya beseni. Hewa ya juu ni ya moto kuliko ya chini, basi ya chini haipandi. Moshi wa mbabula, moshi wa takataka, vumbi ya malori, vyote vinabaki kwenye urefu wa pua zetu. Muangalie mutaa wenu saa kumi na mbili ya asubui, mutaona ule mustari wa moshi wenye kusimama juu ya mabati. Jua likipanda na kupasha udongo moto, hewa inaanza kupanda na ule moshi unatawanyika.

Kwa hiyo, mwenye iko na nafasi, angojee jua. Saa tatu ni bora kuliko saa kumi na moja na nusu. Mwenye kufanya kazi timu ya asubui anaweza kukimbia kisha kazi, mbele mbabula za jioni hazijawashwa. Mwenye timu ya usiku, asikimbie akitoka kazini, kifua kimechoka na kimejaa vumbi. Alale kwanza, akimbie muchana. Na mwenye hana saa ingine isipokuwa giza, achague basi barabara: mbali na njia ya malori, upande wenye upepo unatokea. Kilometa mbili kwenye njia safi zinashinda kilometa tano nyuma ya lori.

Mbele ya kutoka, munywe chai ao uji wa moto, na maji. Katika baridi hatusikiaki kiu, lakini maji inatoka hata hivyo. Musijipashe moto kwa mbabula ndani ya chumba chenye kufungwa. Kuna hewa ya sumu yenye kutoka kwenye makala, haina harufu, haina rangi, na inaua watu wakiwa wamelala.

Mukimaliza, musisimame palepale. Mutembee dakika tano mupaka kumi, mushushe pumuzi, muvae sweta kavu mara moja. Pua ikitoa maji, musiogope, ni jiko yenyewe imefanya kazi mingi.

Kikohozi chenye kufuata saa

Kikohozi cha baridi na mbio kiko na tabia yake. Kinakuja wakati wa kukimbia ao, mara mingi zaidi, dakika 5 mupaka 15 kisha kusimama. Kifua kinakaza, wengine wanasikia filimbi ndani. Kisha nusu saa ao saa moja, kinakwisha. Siku yenye haukukimbia, hakiko. Mwezi wa kenda, moto ikirudia, kinapotea.

Kama kinakuja kila mara, hata mukifanya yote tumesema, ni vizuri kumuona munganga. Kunaweza kuwa pumu. Pumu haikatazi mutu kukimbia. Wakimbiaji wa ski njo wako kati ya wanamichezo wenye kupata pumu zaidi, juu wanavuta hewa baridi na kavu miaka na miaka, na wengi wanaendelea na mashindano kwa msaada wa matunzo. Munganga anaweza kuwapa dawa ya kuvuta, ile tunaita pompi. Mwenye iko nayo aibebe mu mufuko kila asubui, haina faida ikibaki nyumbani juu ya kabati. Na mwenye filimbi imeanza asimame, akae wima, atumie dawa yake. Kama hawezi tena kusema sentensi moja, apelekwe hospitali palepale.

Kuko kikohozi cha pili, chenye kufuata siku za kazi. Kifua kinakaza siku za kazi, kinapumuzika siku ya kupumuzika na wakati wa konje, kisha kinaanza tena. Vumbi ya kobalti inaweza kuleta pumu ya namna ile kwa watu wengine. Mwenye kuona hivyo aandike siku kwenye karatasi, amupelekee munganga. Ile karatasi inasema mambo mingi kuliko neno «baridi».

Na kuko cha tatu. Hicho hakifuati saa wala siku. Kiko asubui, kiko usiku, kiko wakati wa baridi, kiko wakati wa mvua. Pumuzi inapunguka mwaka kwa mwaka: mulima wenye ulikuwa unapanda bila kufikiri, sasa unasimama katikati. Inaweza kuwa ugonjwa wa vumbi ya mawe, silikozi, yenye inaanzaka kujionyesha kisha miaka kumi na zaidi ya kazi. Haina dawa ya kuiondoa, lakini mutu akitoka kwenye vumbi mapema, anaokoa pafu yenye inabakia. Inaweza kuwa pia kifua kikuu. Na hivi viwili ni ndugu wabaya: mutu mwenye mapafu yenye vumbi ya mawe anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine.

Alama ya kukumbuka ni hii: kikohozi cha wiki mbili ao zaidi, kwenda kupima. Zaidi sana kama kuna jasho la usiku, kukonda, homa ya jioni ao damu katika makohozi. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Matunzo ya kawaida ni miezi sita, na kama mutu hakatishe, anapona.

Nyumba moja, vikohozi viwili

Turudie Kolwezi. Mwaka jana, yule kijana na papa yake walikuwa wanakohoa pamoja ndani ya nyumba moja. Mama aliwapikia chai moja ya tangawizi wote wawili, na wote wawili walisema «baridi». Papa alikuwa amefanya miaka mingi karibu na mashini ya kuvunja mawe.

Kijana alibadilisha mwendo. Alianza kutembea kwanza, akafunga kinywa, akavaa kitambaa, akaacha kuimba kwenye kilometa ya kwanza. Kisha wiki mbili hivi alikuwa anakimbia na wenzake bila kusimama. Mwezi wa kenda ulipofika, kikohozi chake kilikwisha kabisa.

Cha papa kilibaki. Mwezi wa kumi, moto ikawa kali, mabati yanalia, na muzee anaendelea kukohoa. Ni mama alisema ile neno yenye ilitugusa tulipowatembelea tena: «Nilimuuliza: papa, baridi ya wapi sasa?» Siku ile alimupeleka kwenye kituo cha afya. Walipima makohozi, walimupiga picha ya kifua. Ilikuwa kifua kikuu. Walipima pia watu wote wa nyumba, na wengine walikuwa wazima.

Muzee amekwisha kumaliza dawa yake. Pumuzi yake haikurudia yote, na munganga amemukataza kurudia fasi ya vumbi. Lakini iko, anatembea, na asubui anasimama kwenye mulango kuangalia saa ya mutoto wake anaporudi. Alituambia kama angekwenda mwezi wa saba, hangepoteza miezi mitatu akingojea joto imuponyeshe.

Basi, wandugu, mukimbie. Baridi yetu haiko adui: munaanza polepole, pua mbele, kitambaa kwenye kinywa, barabara safi. Na kama moto inarudia mwezi wa kenda na mutu wa nyumba yenu anakohoa bado, musimupikie chai ingine. Mumupeleke kupima.